Mvua Imenyesha Huko? Siku Tisa Kutoka Nairobi Hadi Ziwa Turkana, Peke Yangu

Nimerudi Mombasa wiki mbili sasa na vumbi la jangwa la Chalbi bado linatoka kwenye mishono ya mkoba wangu. Haya ninayoandika nimeyaokota kwenye daftari dogo, picha za simu na risiti chache ambazo hazikupeperushwa na upepo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka nikifika somo la sehemu kavu za Kenya huchora ramani ubaoni, huandika "Jangwa la Chalbi" juu kule kaskazini, na kuwaambia watoto kwamba jangwa ni mahali pakavu pasipo na watu. Muhula uliopita mtoto mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Sikuwa nimefika. Shule zilipofungwa kwa likizo ya Agosti 2024, nikaenda.

Siku ya 1, Jumatatu 5 Agosti: Nairobi hadi Marsabit

Treni ya Mombasa hadi Nairobi naipita, wengi mnaijua. Basi la Marsabit nilipandia Eastleigh, nauli shilingi 1,800. Tiketi iliandikwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuliondoka saa tatu na dakika kumi, kiti cha mwisho kilipopata mtu.

Isiolo tulishuka kula saa nane. Wali na nyama ya mbuzi shilingi 350, chai 30. Hapo ndipo nchi inapoanza kubadilika. Ukishavuka Ewaso Ng'iro pale Archer's Post miti inafupika, hewa inakuwa kavu puani, na mlima Ololokwe unasimama peke yake kama ukuta wa nyumba ambayo vyumba vyake vimebomoka.

Pembeni yangu alikaa mzee wa kilemba cheupe, fimbo katikati ya magoti. Alinyamaza tangu Nanyuki. Tulipopita Merille akanigeukia.

"Binti, watoka wapi?"

"Mombasa, mzee wangu."

"Mvua imenyesha huko?"

Nilikwama. Bei ya nyanya Kongowea nilikuwa naijua, mvua sikuikumbuka. Nikasema nadhani Alhamisi yalipita manyunyu. "Nadhani," akalirudia neno hilo polepole, kisha akatazama nje. Hakuwa na ukali, lakini niliona kwamba nimeulizwa jambo la maana nami nimelijibu ovyo.

Baadaye akanisimulia barabara ilivyokuwa kabla lami haijafika, miaka ya 2010. Watu walisafiri juu ya malori ya ng'ombe, wakishikilia mabomba, kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi. Isiolo hadi Marsabit mtu angeweza kulala njiani. Sisi tulitumia saa nne na nusu.

Kwa atakayefuata: kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya mkoba uliofungwa kwenye buti. Mimi nilikionyesha mara tatu kwenye vizuizi. Na beba sweta. Marsabit tulifika saa moja na nusu usiku kwenye ukungu na baridi iliyonifanya nivae leso mbili juu ya dera.

Siku ya 2: Marsabit

Asubuhi sikuona ng'ambo ya barabara kwa ukungu. Mji huu umekaa kwenye mlima wa volkano wenye msitu wa kijani, na chini yake pande zote ni nyika iliyokauka. Msituni humo ndimo alimoishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalum mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974. Mama wa hoteli nilikokunywa chai alimtaja kama jirani aliyehama.

Siku nzima ilikwenda kutafuta lori la kwenda Kalacha, ukingoni mwa Chalbi. La kwanza lilikuwa linaondoka "leo", la pili "leo jioni", na la tatu dereva aliniambia kweli: kesho asubuhi, likipata mzigo. Juu ya mizigo hadi Kalacha ilikuwa 1,500. Ndani, kwa dereva, ilikuwa 2,000, lakini nafasi ilikuwa imechukuliwa na mama mjamzito, na ilimfaa yeye kuliko mimi.

Mama wa hoteli ndiye aliyenifundisha cha kubeba. "Peremende za watoto acha. Nunua majani ya chai, sukari na tumbaku ya wazee. Ukifika kwa mtu, sukari ndiyo salamu." Nilitumia shilingi 2,000 kwa zawadi hizo, na hakuna pesa niliyoitoa safarini iliyonifaa zaidi. Nilinunua pia mtungi wa maji wa lita tano. Lojing'i ilikuwa 800 kwa usiku, safi, maji ya moto kwa ndoo.

Siku ya 3 na usiku wake: Marsabit hadi Kalacha

Lori lilipakia unga, sukari, mabati na viazi. Juu ya magunia tulikuwa watu kumi na mmoja na mbuzi wawili. Tulipanda saa mbili, tukaondoka saa tano. Taniboi, kijana mwembamba asiyemaliza sentensi bila kucheka, alinionyesha pa kukaa: mgongo kwenye ubao wa mbele, miguu chini ya kamba. Kisha akavua shuka lake akanipa. "Dada, funga kichwa na pua."

Tukashuka mlima, tukapita shimo kubwa la volkano la Gof Choba, tukaiacha lami. Kuanzia hapo ni mawe ya volkano, meusi kama makaa, mengi ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, kila moja limelala peke yake kwenye udongo mwekundu, hadi macho yanapochoka. Lori lilitembea kwa mwendo wa punda. Kila kishindo nilikisikia kwenye meno.

Kwenye laga ya pili, yaani mto mkavu wa msimu, lori liliinama, na mtungi wangu wa maji ukachomoka, ukaruka, ukapasuka juu ya jiwe. Nilibaki na nusu chupa. Nilikuwa bado nautazama, mama aliyekuwa kando yangu, mwenye mtoto mgongoni, aliponisogezea galoni lake. Hakusema kitu. Maji yalikuwa na ladha ya moshi. Hadi tunafika Maikona nilikuwa nimekunywa kwenye vyombo vya watu wanne. Nilipofungua pochi kumpa mama huyo chochote, aliurudisha mkono wangu ndani ya mkoba kwa upole, kama unavyomzuia mtoto asimwage uji.

Pancha ya kwanza ilitupata saa kumi jioni. Maikona tulikula anjera na mchuzi, tukasubiri jua litue, kwa maana dereva hupenda kuvuka Chalbi wakati tairi zimepoa. Saa tatu usiku tukaingia uwandani. Mara kelele zote zikakoma. Hakuna jiwe, hakuna kichaka, lori likawa linateleza kama ngalawa. Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka zamani, tambarare tupu la udongo na chumvi. Mvua kubwa ikinyesha hujaa maji, na gari lililo ndani wakati huo hubaki humo.

Saa sita na nusu, pancha ya pili. Tairi ya akiba ilikuwa imeshatumika. Wakaifungua ya zamani ili waizibe, kwa mwanga wa simu. Nilishuka nikatembea hatua mia moja. Chumvi ilivunjika chini ya kandambili kama ukoko wa wali. Mwezi ulikuwa mchanga na umeshazama, na nyota zilishuka mpaka chini kabisa, pale ardhi inapoishia. Mashariki niliona Kilimia, kile kishada cha nyota, kikichomoza. Marehemu nyanya yangu, mkulima wa Kwale, alikuwa akikitafuta kila mwaka. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikiangalia mimi.

Nilirudi nikakuta chai imeiva kwenye mawe matatu chini ya ubavu wa lori. Kikombe changu kilikuwa kimemiminwa tayari. Tuliondoka saa tisa, na Kalacha tuliingia na alfajiri.

Siku ya 4: Kalacha

Nililala hadi saa sita mchana kwenye mkeka, uani kwa dada yake yule mama wa galoni. Hakuna aliyeniuliza nitakaa siku ngapi. Tuna msemo wetu kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Katika nchi ya Wagabra, wafugaji wa ngamia wa huku, hakuna anayelima, na mgeni huachwa apumzike.

Kalacha ina chemchemi na mikoma mirefu inayopiga kelele za karatasi upepo ukivuma. Na Agosti upepo hauachi. Maji ya chemchemi yana chumvichumvi. Ya chupa niliuziwa 100 kwa lita.

Jioni walinipeleka ngamia wakinywa. Nilikaa pale saa mbili na ningekaa zaidi. Makundi yalisimama mbali, kila kundi na wachungaji wake, yakisubiri. Ngamia waliokaa na kiu siku nyingi wanayasikia maji, wananyoosha shingo, midomo inatetemeka, lakini hawaendi mpaka waitwe. Mvulana wa miaka kama kumi na miwili alipiga mluzi, na kundi lake likaja mbio, kengele za mbao zikigonga ko-ko-ko. Wakainama pamoja. Ukiwa karibu unaona kila funda likipanda shingo lote refu, moja baada ya jingine, kwa utulivu. Mvulana akaniambia huyu jike mwekundu alikunywa mara ya mwisho siku tisa zilizopita. Alikuwa akihesabu mafunda yake kwa vidole.

Neno kuhusu picha: omba kwanza, na ukikataliwa weka simu chini kabisa, usiishike kiunoni. Wapo waliochoka kupigwa picha kutoka kwenye madirisha ya magari.

Siku ya 5 na ya 6: North Horr

Land Cruiser ya abiria, shilingi 700. Njia inapakana na uwanda, na mchana ule niliyaona mazigazi kwa mara ya kwanza maishani: maji ya buluu yametanda, mikoma imesimama ndani yake kichwa chini, nasi tunayaelekea na yanarudi nyuma. Nilimfikiria mtu wa miguu mwenye kiu akiyatazama hayo, nikaacha kupiga picha.

Nilikuwa nimepewa nambari ya simu ya baba yake mama wa galoni, lakini sikuwa nimepiga. Nilipokanyaga chini, mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye kivuli cha duka. Akanijia moja kwa moja.

"Wewe ndiye mwalimu wa Mombasa aliyeangusha maji."

Nikasema ndiye.

"Nagaa," akanisalimu, nami nikaitika vivyo hivyo, amani, neno nililokuwa nimefundishwa juu ya lori. Kisha: "Huko ulikopita, mvua imenyesha?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia Jumanne usiku Marsabit yalinyesha manyunyu, barabara ilikuwa na unyevu asubuhi. Maikona hakuna. Laga zote mbili tulizovuka zilikuwa kavu, moja ina majani ya kijani ukingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza majani yalikuwa upande gani wa laga, na mbuzi walikuwapo au la. Hilo la mbuzi sikuwa nimelitazama.

Nyumba yake ni ya fito zilizopindwa, mikeka ya nyuzi za mkonge mwitu na ngozi. Ni ya mkewe. Kwa Wagabra nyumba ni mali ya mwanamke, na siku ya kuhama huibomoa na kuipakia yote juu ya ngamia. Nje jua lilikuwa linachoma, ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi. Mama alinipa maziwa ya ngamia kwenye gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi kikafungamana hadi hakivuji. Hukifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, na ndiyo ile ladha ya moshi. Tukala nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa mafuta, inayokaa miezi bila friji.

Kisha mzee akaleta kahawa. Si ya kunywa tu. Tunda zima la kahawa, na ganda lake, linakaangwa kwa samli mpaka linapasuka. Alichovya vidole kwenye samli ile akajipaka mikononi na usoni, akatia dua, ndipo yakaongezwa maziwa. Nikamuuliza yanaitwaje. "Buna," akasema. Nikamwambia Mombasa nasi twasema buni. Akalirudia mara mbili, akamwita mkewe aje alisikie.

Usiku ule alinieleza ukame. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mbuzi wake waliisha wote. Ngamia waliokufa aliwahesabu kwa rangi na kwa mama zao, hakutaja idadi. Nilimkiria kwamba darasani nimekuwa nikisema jangwani hakuna watu. Hakukasirika. Akauliza kama watoto wangu wamewahi kumwona ngamia.

"Wanamwona ufukweni. Hubeba watalii."

"Na maziwa yake anakunywa nani?"

Sikuwa na jibu la hilo pia. Nikampa nilichokuwa nacho, maneno ya nyanya yangu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tulitoka nje tukakaa, ingawa nyota zile zilikuwa bado hazijachomoza. Akasema nao huhesabu siku kwa nyota, na wapo wazee wanaojua zaidi yake. Tulipoagana alinipa kazi: "Ukiiona mvua mbele ya safari, popote, nipigie."

Kwa wanawake watakaosafiri peke yao: leso tatu zinatosha kwa yote, kitanda, pazia la kujisitiri na kilemba. Maji ya kuoga usiyaombe. Yataletwa, lita tatu hivi kwenye beseni, nayo yanatosha. M-Pesa inafanya kazi madukani, lakini beba noti ndogondogo.

Siku ya 7: North Horr hadi Loiyangalani

Shilingi 2,000, mwendo wa saa sita, kupitia kijiji cha Gas. Dereva alikuwa na pipa la maji nyuma ambalo nilidhani ni la injini. Kumbe ni la njiani. Kila mchungaji aliyeinua mtungi mtupu kando ya barabara, gari lilisimama, mpira ukashushwa, mtungi ukajazwa. Tulisimama mara saba. Mara ya nne alikuwa msichana mdogo na mbuzi zake, hakuna nyumba iliyoonekana upande wowote. Alikunywa kwanza kidogo, akampa mwanambuzi kwenye kiganja, ndipo akajaza. Dereva hakumharakisha.

Kisha mawe meusi tena, kilima, na ghafla ziwa chini yetu, la rangi ya kijani kibichi kati ya miamba iliyoungua. Teleki, Mzungu aliyelifikia mwaka 1888, alilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Limeitwa Turkana tangu 1975. Wenyeji walikuwa wameshalipa majina yao zamani.

Usiku upepo wa mlima Kulal ulishuka. Nililala 1,000 kwa usiku katika kibanda cha makuti ya mkoma, nikasikia makuti yakilia hadi asubuhi.

Siku ya 8: Komote

Mashua ya kwenda kijiji cha Waelmolo cha Komote nilikodi kwa 1,500. Ziwa limepanda miaka ya karibuni, na kijiji ambacho zamani ulikifikia kwa miguu sasa kimezungukwa na maji. Nahodha alinionyesha mahali ambapo vilele vya miti mikavu vinachungulia: hapo palikuwa nchi kavu. Watoto huvuka kwa mashua kwenda shule. Waelmolo ni jamii ndogo sana, na lugha yao ya asili imewatoka, wazungumza Kisamburu. Bibi mmoja alinikaribisha sangara wa kukaanga, akanionyesha wajukuu wanaopenda hesabu, tukazirudia jedwali za saba na za nane pamoja mchangani.

Jumba la makumbusho la jangwa, lililofunguliwa 2008, liko juu ya kilima kaskazini ya mji. Nenda asubuhi, jua la mchana huko halivumiliki.

Siku ya 9: Loiyangalani hadi Maralal

Lori la samaki, 2,000, saa kumi alfajiri. Ulizia hali ya usalama kituo cha polisi siku moja kabla, hasa kipande cha Baragoi. Madereva wenyewe watakwambia kama wanasubiriana. Tulipita mitambo ya upepo, 365 kwa hesabu, yenye uwezo wa megawati 310, ikizunguka gizani na taa nyekundu. Tukaingia kwenye vivuli vya South Horr, tukanywa chai Baragoi, na kutoka hapo nilisinzia.

Maralal tulifika saa moja usiku. Lojing'i 900. Kesho yake ilikuwa matatu ya Nairobi, 1,200. Kwa wanaopanga bajeti, kuanzia Nairobi na kurudi Nairobi nilitumia 20,200, zawadi zikiwemo.

Saa nne usiku nilisikia tone kwenye bati, kisha jingine, kisha paa lote likanguruma. Nilikaa kitandani muda, nikatafuta nambari ya North Horr. Aliitika binti yake, akampa simu.

"Mzee wangu, mvua inanyesha Maralal."

Kimya kidogo. Nilimsikia akiwaambia waliokuwa pale, na sauti zao zikijibu.

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

"Imetokea upande gani?"

Nikafungua mlango, nikatoka na simu sikioni kuangalia.